Kipande cha Saba

Kijijini kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wazazi, watoto, hata mwenyekiti wa kijiji alipotangaza mkutano, wote walimwita Mwalimu wa Vipande, naye aliitika. Nami nitamwita hivyo hivyo. Habari za alikozaliwa na ukoo wake zinajulikana, maana huku milimani ukikaa miaka miwili hakuna lisilojulikana juu yako, lakini yeye mwenyewe hakuzipenda. Mtu akianza, "Mwalimu, nyie wa ukoo wa nani vile," alimkata: "Mimi ni wa darasa la tano."

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta la kijani lililopauka viwikoni. Ndani ya mfuko wa sweta hilo kulikuwa na wembe uliofungwa kwenye karatasi, sindano ya magunia na kibonge cha uzi. Kwa vitu hivyo vitatu alitufundisha kusoma. Sisemi kutambua herufi, hilo lilifanywa na walimu wa darasa la kwanza. Nasema kusoma kule kwa kusahau kwamba umetumwa kuni.

Shule ilikuwa na nakala moja moja ya vitabu vya hadithi, na darasa letu lilikuwa na watoto sitini na ushee. Walimu wengine walivifungia kabatini vibaki salama. Yeye alichukua kimoja, hadithi ya msichana anayemtafuta ng'ombe mwekundu wa nyumbani kwao, akakiweka mezani mbele yetu, akafungua wembe na kukikata mgongo. Sisi ambao daftari likichanika tulichapwa, tulishika midomo. Msichana aliyekaa mbele yangu alilia kabisa.

"Unalia nini?" Mwalimu wa Vipande akamuuliza.

"Kinaumia, mwalimu."

"Kilikuwa kinaumia kabatini."

Akakigawa vipande kumi na viwili. Kila kipande alikishona upya na kukivika jalada la boksi la sabuni lililobandikwa kwa uji wa ngano. Juu ya jalada aliandika namba, chini akaacha nafasi ya majina. Ukichukua kipande unaandikwa jina. Ukikirudisha, mbele ya jina lako inawekwa alama ya vema, naye mwenzako anaandikwa chini yako. Walianza watoto wachache na kipande cha kwanza, mmoja baada ya mwingine, na baada ya wiki kadhaa kitabu kizima kilikuwa njiani, kimetawanyika kuanzia nyumba za mtoni hadi vitongoji vya juu kwenye ukungu. Kabla ya kugusa kipande ulinawa mikono kwa sabuni kwenye ndoo ya mlangoni. Hakumwamini mtoto yeyote aliyesema ameshanawa.

Lakini kukirudisha tu hakukukupa kinachofuata. Kulikuwa na sharti, na sijaona sharti kama hilo mahali pengine popote. Kwanza ulikwenda nyumbani kumsimulia mzee mmoja ulichosoma, kwa Kishambaa. Mzee akimaliza kusikiliza alitoa swali moja. Swali hilo ulilibeba hadi shuleni, na Mwalimu wa Vipande alilisikiliza kama karani anayepokea barua. Swali likiwa zuri alisema "Haya," akakupa kipande kinachofuata. Likiwa bovu alijua kwamba umesimulia vibaya. "Mzee wako si mjinga," alisema. "Rudi ukamsimulie tena."

Darasani mtu akiponyokwa na neno la Kishambaa alipewa ndoo akamwagilie bustani ya maua. Nilikuwa mtoto wa kuhangaika na vitu visivyolingana, kwa hiyo siku moja nilimuuliza kwa nini darasani tukatazwe lugha ile ile tunayolazimishwa kuisimulia nyumbani.

"Kiswahili chako nimekisikia ukisoma," alinijibu. "Sasa nataka kujua kama umeelewa."

Mzee wangu alikuwa bibi. Alikuwa hajui kusoma, na swali lake la kwanza nalikumbuka hadi leo: "Huyo mtoto anatembea siku tatu, chakula kafungiwa na nani?" Nilifungua kipande tena kutafuta. Hakukuwa na chakula. Mwandishi alikuwa amesahau. Nilipompelekea Mwalimu wa Vipande swali hilo alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasema bibi yangu angefaa kuwa mkaguzi.

Basi wazee nao wakanaswa. Siku ya soko mwalimu alipokuwa akiuza mapea yake, walikuwa wakimsimamisha kwa salamu za Kishambaa.

"Onga mshi, mwalimu. Yule ng'ombe kapatikana?"

"Mgosi, mjukuu wako bado yuko kipande cha nne. Usinivurugie."

"Niambie kidogo tu, sitamwambia."

"Nunua mapea uende."

Mzee alinunua mapea, akaondoka amenuna. Ninaambiwa mjukuu wake alisoma vipande viwili wiki ile, kwa sababu babu yake alikuwa akimngojea njiani.

Jambo ambalo hakulisamehe kabisa ni mtoto kuwaambia wenzake mwisho wa hadithi. Aliyefanya hivyo alinyimwa vipande mwezi mzima. Tulikuwa tukishindana kulala na siri.

Mkaguzi wa elimu alikuja mara moja wakati nikiwa pale. Aliona vipande mezani, akainua kimoja.

"Nani kaharibu kitabu cha serikali?"

"Mimi," alisema Mwalimu wa Vipande. "Kabatini kuna vizima havijawahi kufunguliwa. Nikuletee uone vilivyo vizuri?"

Mkaguzi alikirudisha kipande mezani. Alimgeukia mvulana aliyekuwa na kipande cha pili mkononi, akanyoosha mkono akipokee. Mvulana akakificha mgongoni.

"Hujanawa," akamwambia.

Tulidhani dunia imekwisha. Mwalimu mkuu alifumba macho. Mkaguzi alitutazama, akamtazama mwalimu wetu, kisha akaenda mlangoni, akanawa, akarudi mikono ikichuruzika maji, na kukisoma kipande kile kwa kusimama. Alipomaliza akauliza cha tatu kiko wapi. Aliambiwa kiko kwa mtoto wa kitongoji cha juu, anayeumwa mafua, na kwamba kama anakitaka, zamu yake ni baada ya watoto saba.

Ningependa kuishia hapo, maana ndivyo tunavyopenda kumsimulia. Lakini picha ya namna hiyo ingekuwa jalada tupu. Hakuwa mwepesi wa kusifu. Alipendelea, na wote tulijua nani anapendelewa. Na jambo lililowashangaza hata walimu wenzake: mwenyewe alisoma polepole sana, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Kwenye semina za walimu alisinzia ukurasa wa pili. Niliwahi kumsikia akimwambia mwalimu mwenzake, bila aibu, "Mimi kusoma kulinichelewa. Ndiyo maana nina haraka nao."

Tena kuna jambo la kijana mwingine wa kitongoji cha juu. Alirudisha kipande kimejaa tope, na Mwalimu wa Vipande akamchapa mbele yetu kabla hajamuuliza neno. Kesho yake hakuja shule. Kesho kutwa pia. Mtoto mwingine ndiye aliyesema kwamba yule alikuwa ameteleza kwenye mvua, akaanguka kifudifudi kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia kipande kisilowe. Jioni ile mwalimu alipanda mlima peke yake. Alimwomba mtoto radhi mbele ya mama yake, kwa Kishambaa, na mama yule alisimulia jambo hilo kisimani hadi kila mtu akalijua. Tangu siku hiyo hatukuona tena fimbo mkononi mwake.

Nalieleza hilo kwa sababu ndilo lililonipa ujasiri wa kumdanganya.

Kipande cha saba kilinifikia mwanzo wa masika. Ndani yake msichana, amechoka, anapokewa na mwanamke asiyemjua, anapewa pa kulala, na mwanamke anamwomba amweleze ng'ombe wao alivyo. Msichana anamweleza: baka jeupe la sikio, namna anavyokohoa akinusa mvua, sauti ya kengele yake. Asubuhi anasikia kengele ile ile nyuma ya nyumba. Mwanamke alikuwa amemficha ng'ombe siku zote. Nilisoma kurasa zile nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi, na niliposimama miguu ilikuwa imekufa ganzi bila mimi kujua. Sikuwahi kupatwa na jambo la namna hiyo. Nilikisoma tena, na tena. Ilipofika siku ya kukirudisha niliona kama naombwa kurudisha mguu.

"Kimechukuliwa na maji, mwalimu," nilimwambia. "Pale kivukoni, niliteleza."

Alinitazama kwa muda. Mkono ulikwenda mezani, pale fimbo ilipokuwa ikikaa zamani, ukarudi. "Wewe hukuumia?" akauliza. Nikasema hapana. Kipande kilikuwa chini ya godoro langu.

Siku mbili baadaye alitangaza darasani kwamba cha saba kimeondoka na nakala nyingine haipatikani. Atakayefika hapo atatunga mwenyewe yaliyotokea kati ya cha sita na cha nane. Watoto walitunga. Mmoja alisema ng'ombe aliuzwa Magoma akapanda lori. Mwingine alimwozesha msichana kwa daktari. Tulicheka sana, na mimi nilicheka kuliko wote, maana niliogopa asiyecheka atashukiwa.

Nilikwenda sekondari na kipande kile, na chuo kikuu pia, ndani ya bahasha ya vyeti. Chuoni mhadhiri alituuliza kila mmoja ataje vitabu alivyosoma utotoni. Wenzangu waliokulia mijini walitaja viwili, vitatu. Nilihesabu vidole vikaniishia. "Nimesoma vingi," nikasema, "ila vipande vipande." Darasa lilicheka, na kwa wiki nzima nilijiuliza kama nilipaswa kusema vile. Sasa najua nilipaswa. Dereva wa basi la Lushoto amepita mikononi mwa Mwalimu wa Vipande. Nesi wa zahanati yetu pia. Mfanyabiashara wa kabichi anayewasomea wenzake gazeti wakisubiri lori lijae, yule ndiye kijana wa tope.

Nilihitimu ualimu, ajira haijatoka, nikarudi kujitolea shuleni kwetu. Mwalimu wa Vipande alikuwa amestaafu na kuhamia kwake Mgwashi. Mwalimu mkuu wa sasa alinikabidhi sanduku la bati. "Haya ni mambo ya yule mama yenu," alisema. "Watoto wanayaulizia." Nililifungua na kukuta vitabu vinne vilivyokatwa, kila kipande mahali pake, na kati ya cha sita na cha nane cha ng'ombe mwekundu, nafasi ya upana wa kidole. Hakuwa ameiziba.

Niliendeleza utaratibu wake kwa hofu, nikijiuliza kila asubuhi kama nafaa. Halafu akafika Zaituni. Zaituni ni mtoto wa darasa la tano anayesoma akitembea, ameshagonga mlingoti wa bendera mara mbili. Alirudisha kipande cha sita akiwa na swali la bibi yake, nami nikamweleza kwamba cha saba hakipo, atunge.

"Sitaki kutunga, mwalimu. Nataka kujua."

"Wenzako wote walitunga."

"Bibi kasema nikitunga mimi, na yeye atatunga swali, kwa hiyo nisimsumbue."

Nilimwambia basi achukue cha nane. Akakitazama, hakukigusa. Wiki ile hakurudi sandukuni. Wiki iliyofuata nilimwona wakati wa mapumziko amekaa ukutani, mikono mitupu, akichora chini kwa kijiti. Ya tatu vilevile. Nikimpa kitabu kingine anasema asante na kukirudisha kesho yake bila swali. Nilijua namwona msomaji akizimika, na nilijua dawa yake iko kwenye bahasha ya vyeti vyangu.

Ningeweza kumpa tu. Nililifikiria hilo siku nne. Ningesema nimekikuta nyuma ya kabati. Lakini jalada lina majina, na jina la mwisho ni langu, bila vema.

Jumamosi nikapanda Mgwashi.

Nilimkuta kwenye banda la ng'ombe, akikatakata majani kwa panga. Amepungua, sweta ni lile lile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ajira imetoka?"

"Bado, mwalimu."

"Basi umekuja kunisaidia majani."

Nilimnyooshea bahasha. Hakuipokea. "Umenawa?" Nikaenda kwenye ndoo, nikanawa, naye akanawa baada yangu, akajifuta kwa kanga, akakitoa kipande. Aliweka kidole kwenye jalada na kushuka nacho jina moja moja, midomo ikicheza, hadi chini.

"Wa mwisho ni wewe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Hakikwenda na maji."

"Hapana. Nilikuwa nacho mimi."

Kwa miaka yote nilijipa moyo kwamba alijua. Niliamini mtu kama yeye hawezi kudanganywa na mtoto. Alikaa juu ya kigogo.

"Mimi nilishuka mtoni," alisema. "Siku mbili. Nilikunja gauni nikaingia kwenye yale mawe, nikidhani kimenasa mahali. Nikaanguka." Akagusa goti la kulia. "Hili linaloniuma kila masika."

Nilisema nisamehe, nikaona ni neno dogo, nikalirudia.

"Kumbe natafuta mtoni kitu kiko chini ya godoro la mtu!" Alikuwa amekasirika kweli, na sauti ilikuwa ile ya darasani. "Na sasa umekileta kwa nini? Umechoka nacho?"

Nikamweleza habari za Zaituni. Mlingoti wa bendera, bibi yake, kijiti, wiki tatu. Alisikiliza panga likiwa magotini. Nilipomaliza alimtupia ng'ombe konzi ya majani.

"Haya," alisema. "Sharti unalijua. Hukuwahi kulitimiza."

"Lakini bibi yangu alishafariki, mwalimu."

"Na mimi ni mzee gani, wa pambo?"

Basi nilimsimulia kipande cha saba kwa Kishambaa, nimesimama bandani, mimi mtu mwenye shahada. Ulimi ulikuwa mzito kwa miaka ya mjini, na mara mbili nilikwama nikatafuta neno. Hakunisahihisha. Nilipofika kwenye baka la sikio aligeuka kumtazama ng'ombe wake. Nilipofika kwenye kengele alishika panga kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipogundua kwamba alikuwa amesahau. Miaka yote ile bila kipande, naye hakujua tena kilichomo. Alikuwa akisikiliza kama wale wazee wa sokoni.

"Kumbe alikuwa naye yule mwanamke," alisema taratibu.

"Ndiyo, mwalimu."

Akafikiri. Kisha akatoa swali lake.

"Huyo mwanamke alipomficha ng'ombe, alikuwa anamkamulia nani?"

Nilitaka kusema nipe muda nifikirie.

"Ukianza kufikiri wewe tutafika Pasaka," alisema. "Jibu."

"Hakumkamulia mtu," nikasema. "Alimfungia tu. Alimpenda, akamfungia."

"Ng'ombe asiyekamuliwa anaumwa, unajua? Kiwele kinavimba. Analia hadi majirani wanasikia." Akakifunua kipande ukurasa kwa ukurasa, akakagua kona moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokunjwa. Alikifunga kwa upole kuliko alivyokifungua. "Lete kalamu."

Aliweka vema mbele ya jina langu. Ilikuwa vema ndogo, imepinda kwa sababu alikuwa akiandikia gotini. Chini yake aliandika, herufi moja moja: Zaituni.

"Cha nane kiko sandukuni?"

"Kipo."

"Kiweke karibu. Huyo hatakawia." Akasimama kwa kushika mlango, akarudi kwenye majani yake. "Na wewe acha kujiuliza kama unafaa. Unamchelewesha mtoto."

Niliteremka bila kupumzika njiani. Ningeweza kungoja Jumatatu, na hofu yangu ilinipa sababu tatu za kungoja, lakini miguu ilikwishashika njia ya kwa kina Zaituni. Bibi yake alikuwa uani anachambua maharage. Nilimwamkia. Aliniangalia juu hadi chini, akaangalia jalada la boksi la sabuni mkononi mwangu.

"Wewe ndiye Mwalimu wa Vipande?"

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilitaka kueleza kwamba siye, kwamba mwenyewe yuko Mgwashi na goti lake, kwamba mimi ni wa kujitolea tu.

"Ndiyo, bibi," nikasema.

Nyuma yake nilisikia maji. Zaituni alikuwa ameshaiona namba kwenye jalada, naye alikuwa ameinama kwenye ndoo, sabuni hadi viwikoni, ananawa.